Fosi septike: kutoka Vesoul mpaka mawe ya Goma

Tanki hili la choo tunaloita fosi septike lilianzia Ufaransa. Katika miaka ya 1860, Jean-Louis Mouras alilijenga mjini Vesoul. Akapata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1881. Ndani yake uchafu mzito unashuka chini, vijidudu vinaula polepole, na maji yanatoka upande wa pili.

Lakini matope yanabaki. Yakizidi, uchafu unatoka pamoja na maji. Ndiyo sababu sheria ya maji ya Ufaransa ya mwaka 1992 ilizipa komini kazi ya kukagua matanki ya nyumbani. Kanuni ya 2009 inataka matope yasipite nusu ya tanki.

Huku Goma, mawe ya volkano ni magumu kuchimba. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walikosa vyoo, wakanywa maji ya ziwa Kivu. Karibu 50.000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Familia inapopokea wahami, shimo la nyumba moja linatumikia nyumba tatu, linajaa mapema. Mwenyeji na mgeni wapime matope kwa mti mrefu, wachangie pesa za kuyachota kabla ya nusu, na yasimwagwe karibu na maji ya kunywa.