Kutangua kelele

Magazeti huandika kwamba mtambo wa ndege "unazima" kelele. Neno hilo halifai, kwa sababu injini inaendelea kunguruma na mtambo wenyewe unaongeza mtikisiko. Kwenye ndege za Dash 8 Q400, ambazo Air Tanzania inazo, pangaboi la mapanga sita likizunguka mara 850 kwa dakika huvuma kwa mapigo 85 kwa sekunde. Maikrofoni huunasa mvumo, kisha vitikisi vilivyofungwa kwenye kiunzi huleta wimbi la kinyume: moja likipanda, jingine hushuka. Huko ni kutangua, kama hukumu inavyotangua hukumu. Mtu atasema abiria anataka utulivu, si fizikia. Ni kweli, lakini "kuzima" humwahidi ukimya, ilhali kilio cha mtoto, kisichofuata mpigo wa kudumu, hakitanguki.