Kioo cha Mpakato na Kioo cha Hadhara Mtwara

Ijapokuwa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, Tanzania Bara ilingoja hadi 1994 ndipo vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwa hiyo wengi katika wakazi wa Mtwara, Mikindani na vijiji vya mlango wa Ruvuma, waliokuwa mbali na mitambo ile, waliijua runinga kwanza kwa kanda za deki.

Katika vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea sinema, mwenye kibanda alitoza kiingilio, akaweka kanda, baadaye DVD, hata ilipodhihiri kwamba kompyuta ya mpakato yaweza kuhifadhi sinema tele bila sahani hata moja. Waya wa VGA ulipeleka picha tupu kutoka mpakato hadi kwenye runinga, sauti ikatafutiwa njia yake. Lakini HDMI, ambayo kanuni zake zilitolewa Desemba 2002, ilivichukua vyote viwili pamoja. Umeme nao ulitoka jirani: gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa 1982, ilianza kuuzalisha Mtwara takriban robo karne baadaye.

Hivyo mpakato, chombo kilichobuniwa kwa mtazamaji mmoja, kilitiishwa na desturi ya baraza, ambayo haikubali mtu kustarehe peke yake ilhali majirani wapo.