Deni la Jirani: Sadaka, Msalaba na Sehemu ya Tano

Mtu amewekewa amana na jirani yake. Siku jirani anapokuja kuichukua, yeye anakana, tena anaapa kwa uongo kwamba hakupewa kitu. Baadaye dhamiri inamsuta. Afanye nini? Sura ya sita ya Mambo ya Walawi inajibu kwa ukavu wa karani wa mahakama: arudishe kitu chenyewe kikamilifu, aongeze juu yake sehemu ya tano ya thamani yake, na amkabidhi mwenyewe siku ileile anapoleta sadaka ya hatia. Kuhani atamfanyia upatanisho kwa kondoo dume asiye na ila, naye atasamehewa.

Kifungu hiki hakihubiriwi sana. Wahubiri wengi wa Afrika Mashariki wakifika kwenye sadaka za Agano la Kale huenda moja kwa moja kwenye damu, na kutoka kwenye damu hurukia Kalvari. Safari hiyo ina msingi katika Maandiko. Waraka kwa Waebrania wenyewe unaipita. Lakini njiani hupotea mtu mmoja, yule aliyeibiwa amana yake. Hoja ya makala haya ni kwamba kupotea kwake kunabadilisha maana ya upatanisho wenyewe. Msalaba unafika mahali ambapo sadaka za Walawi hazikuweza kufika, lakini haufuti lile ambalo sadaka hizo zilidai.

Inafaa kuanza na damu, maana hapo ndipo mazoea ya mimbarini yanapoyumba zaidi. Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba, kuhani mkuu alivua mavazi yake ya fahari akavaa kitani tupu. Alichinja fahali kwa ajili yake na nyumba yake, kisha akawapigia kura mbuzi wawili, mmoja wa Bwana na mwingine wa Azazeli. Wa kwanza alichinjwa. Damu yake iliingizwa patakatifu pa patakatifu, ikanyunyizwa juu ya kiti cha rehema na mbele yake, kisha ikapakwa kwenye pembe za madhabahu. Hakuna tone lililowaangukia watu. Kilichosafishwa ni mahali. Jacob Milgrom, rabi na mwanazuoni ambaye ufafanuzi wake wa Walawi 1 hadi 16 ulichapishwa mwaka 1991, alitumia miaka mingi kulionyesha jambo hili: makuhani wa Israeli waliiona dhambi kama uchafu unaokwenda kunata katika hema la ibada hata mkosaji akiwa mbali, na uchafu ukirundikana Mungu huhama. Damu, kwa kuwa ndani yake mna uhai, ilikuwa dawa ya kuuondoa.

Mbuzi wa pili ndiye aliyewekewa mikono miwili kichwani na kuungamiwa maovu yote ya taifa. Huyu hakuchinjwa. Alipelekwa nyikani akiwa hai. Aliyebeba dhambi hakuuawa, na aliyeuawa hakuungamiwa dhambi. Mahubiri yanayowafanya wawili hawa kuwa mnyama mmoja anayeadhibiwa badala ya watu yanasimulia ibada ambayo Walawi haiijui.

Je, sura ya nne haimwagizi mkosaji aweke mkono juu ya kichwa cha mnyama kabla ya kumchinja? Inamwagiza. Ila mkono huohuo uliwekwa pia juu ya sadaka ya amani, ambayo ni karamu wala haina kosa la kuhamishwa. Tena sura ya tano inamruhusu maskini asiyemudu hata njiwa wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, naye asamehewe. Unga hauteseki. Kama kiini cha sadaka ni adhabu inayohamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa kiumbe kingine, ruhusa hiyo haieleweki.

Hata hivyo utaratibu huu ulikuwa na mipaka, na wenye kuutunza hawakuificha. Kitabu cha Hesabu, sura ya 15, kinasema wazi kwamba anayetenda dhambi kwa kiburi, akijua anachofanya, hana sadaka, atakatiliwa mbali. Sura ya 35 inakataza kupokea fidia kwa uhai wa muuaji. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaihusisha na Daudi baada ya kumtwaa Bathsheba na kupanga kifo cha Uria, inakiri kwamba hapo mnyama wa kuteketezwa hasaidii kitu. Mkana amana wa Walawi 6 alitenda kwa makusudi, lakini yeye amefunguliwa mlango mwembamba: sura ya tano ya Hesabu, inayorudia sheria ileile, inaongeza sharti la kuungama. Milgrom aliona kwamba ungamo la hiari hulishusha kosa la makusudi daraja, likahesabiwa kama la kutojua. Ungamo pamoja na kurudisha ndiyo yaliyomfikisha mkosaji madhabahuni.

Ni katika mipaka hiyo ambapo mitume waliuweka msalaba. Paulo, akihubiri katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia kama Matendo 13 inavyosimulia, anatangaza kwamba kwa Yesu watu wanahesabiwa haki katika mambo ambayo torati ya Musa haikuweza kuwapatia haki hiyo. Waebrania 10 inasema damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Warumi 3 inamweka Mungu mwenyewe kuwa ndiye anayetoa upatanisho, si anayebembelezwa kwa upatanisho ulioletwa na mwingine. Muuaji, msaliti na mwenye kiburi, waliokuwa nje ya uzio wa Walawi, sasa wana njia.

Wapo watakaoitaja Isaya 53, na wana haki ya kuitaja, kwa sababu hakuna andiko linalosema kwa nguvu zaidi kwamba adhabu ya wengi ilimwangukia mmoja. Lakini mambo mawili husomwa haraka mno katika sura hiyo. Kwanza, dhabihu inayotajwa katika mstari wa 10 wa maandishi ya Kiebrania ni sadaka ya hatia, ileile iliyofungamana na kurudisha mali na kuongeza sehemu ya tano. Pili, wanaozungumza katika sura hiyo ndio waliomdharau Mtumishi. Aliyedhulumiwa ndiye anayewafanyia upatanisho waliomdhulumu. Kwa hiyo Mkristo anayemtambua Kristo katika sura hiyo anamwona Mungu akisimama mahali pa jirani aliyenyang'anywa.

Theolojia ya Magharibi ilifuata njia nyingine. Mababa kadhaa wa Kanisa, Gregory wa Nyssa akiwemo, walifundisha kwamba Kristo alitolewa kuwa fidia kwa Shetani, hata wakamfananisha Shetani na samaki aliyemeza chambo bila kuiona ndoana. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliona fundisho hilo linampa Shetani haki asizostahili. Katika Cur Deus Homo, alichokikamilisha mwaka 1098 akiwa uhamishoni Italia, mwenye kudai ni Mungu, ambaye hakupewa heshima inayompasa. Mwanadamu ndiye mwenye deni lakini hana cha kulipa. Mungu anaweza kulipa lakini hadaiwi. Basi mlipaji hana budi awe Mungu na mtu kwa pamoja. Wanaomtwika Anselm lawama za fundisho la adhabu wanamsingizia. Kwake ilikuwa ama malipizi ama adhabu, na Kristo alileta malipizi ili adhabu isiwepo. Ni Waprotestanti wa karne ya 16, hasa Calvin, aliyesomea sheria kabla ya kuwa mwanatheolojia, walioufanya msalaba kuwa mahali ambapo hukumu ya mkosaji inatekelezwa juu ya mwingine.

Mwaka 1594 Fausto Sozzini, Mwitalia aliyehamia Poland, alichapisha pingamizi ambalo bado linauma: deni lililolipwa halikusamehewa, na lililosamehewa halikulipwa. Chagua moja. Hugo Grotius alimjibu mwaka 1617 kwamba Mungu hatendi kama mdai binafsi bali kama mtawala anayelinda sheria kwa faida ya wote. Jibu lina werevu wa mwanasheria, na Sozzini alikosea katika mengi, maana aliukana hata umilele wa Mwana. Ila katika ubishi wote huo, wa Anselm, wa Calvin, wa Sozzini na wa Grotius, kesi ina watu wawili tu, Mungu na mkosaji. Mwenye amana hajaitwa hata kuwa shahidi.

Aliitwa tena, bila kelele za kitaaluma, katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929, daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Katika miaka ya 1930 moto ulioanzia kwa watu kama hao ulienea Rwanda na Uganda, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika. Hapo damu ya Yesu haikuwa nadharia ya mahakama. Waliookoka waliimba Tukutendereza kwa Kiganda hata pasipokuwa na Waganda, wakaungama hadharani, kisha wakaondoka kwenda kurudisha: fedha za mwajiri, vitu vilivyochukuliwa hospitalini na shuleni, madeni ambayo mdai mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa nayo. Baadhi ya wamisionari waliungama kiburi chao cha rangi mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika utawala wa kikoloni halikuwa dogo. Sidhani kama kuna aliyekuwa na ufafanuzi wa Walawi mkononi, lakini mfuatano ulikuwa uleule: ungamo, kurudisha, ushirika.

Mafundisho hayo yalipimwa mapema. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, ambacho kiliambatana na damu na nyama ya mbuzi, wakieleza kwamba damu ya Kristo imekwisha kuwafunga katika agano lake. Baadhi waliuawa. Wengi wao walikataa pia kupokea bunduki za serikali kwa ajili ya kujilinda, jambo ambalo wanaowaita vibaraka wa wakoloni hulisahau.

Lakini Uamsho una kasoro yake, nayo si ndogo. Dhambi zilizoungamwa zilikuwa zaidi zile za mtu mmoja mmoja: uzinzi, ulevi, wizi, hasira. Ardhi iliyotwaliwa na chuki ya kabila hazikupata nafasi kubwa katika mikutano ya ushirika. Rwanda, ambako Gahini iko, ilikuwa nchi ya Wakristo kwa wingi wa watu wake mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, na katika makanisa ya Nyamata na Ntarama, eneo la Bugesera, maelfu ya waliokimbilia humo waliuawa.

Kilichofuata kinalirudisha swali la Walawi kwa ukali usiovumilika. Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizohukumu makosa ya mauaji hayo na kufungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2, na zaidi ya milioni 1.3 kati ya hizo zilihusu mali: ng'ombe walioliwa, mabati yaliyong'olewa, nyumba zilizobomolewa. Aliyeungama na kuomba msamaha alipunguziwa adhabu, kama mkana amana anayejisalimisha. Aliyeharibu mali alitakiwa kufidia, ingawa wengi hawakuwa na kitu. Na kwa wale waliouawa, ng'ombe arudishwe kwa nani? Hesabu 5 imelifikiria jambo hilo: mdhulumiwa akiwa hayupo tena, malipo yampate ndugu yake wa karibu, asipokuwa na ndugu, yawe ya Bwana, mikononi mwa kuhani. Deni halifi na mdai.

Lakini damu haina bei, na Hesabu 35 inakataza kuipangia. Hapo ndipo msalaba unapokuwa habari njema kwa maana yake kamili, kwa kuwa aliyeuawa bila haki amefufuka na anaweza kusamehe. Manusura wa Bugesera anaweza kuusikia msamaha huo, au asiweze kuupokea bado. Hakuna mchungaji mwenye haki ya kumharakisha. Kuhusu mabati, hata hivyo, hakuna fumbo la kiteolojia. Yarudishwe.

Je, kusema hivyo si kurudisha wokovu kwa matendo? Zakayo anajibu vizuri kuliko wanadogma. Katika Luka 19 Yesu anaingia nyumbani mwake kwanza, kabla ya ahadi yoyote, na nusu ya mali kwa maskini pamoja na malipo mara nne vinafuata baadaye. Katika Mathayo 5 mfuatano unageuka: sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka ndugu apatanishwe. Neema inaweza kutangulia kurudisha au kuja baada yake, lakini Injili haimfahamu Zakayo aliyesamehewa na kubaki na fedha za watu. Kanisa Katoliki limeliweka hili wazi katika Katekisimu ya mwaka 1992, ibara ya 1459: msamaha wa sakramenti hauondoi wajibu wa kurekebisha madhara, na kurudisha vilivyoibiwa ni mfano wa kwanza unaotajwa.

Katika sharika nyingi za Kiprotestanti za Afrika Mashariki, nidhamu ya kutenga mtu na kumrudisha kundini ingali hai, na ndiyo mahali pa wazi pa kulipima fundisho hili. Kwa mazoea, anayesimamishwa mbele ya usharika ni binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Mhasibu aliyekula fedha za ujenzi huhamishwa kimya kimya, huombewa, na baada ya muda huonekana tena mezani pa Bwana. Kwa kipimo cha Walawi, aliyekula shilingi milioni 10 angekuja kanisani na milioni 12 mkononi, na kondoo wake angesubiri nje ya lango mpaka mweka hazina amalize kuhesabu.