Tumbaku iliyogoma kuchanua

Mkulima wa tumbaku hauzi maua, anauza majani. Ndiyo maana ua likianza tu kuchomoza, anakata kilele: chakula ambacho kingeenda kwenye mbegu kinabaki kwenye majani, nayo yanapanuka na kuwa mazito. Sasa hebu fikiria upate tumbaku isiyochanua kabisa. Si utajiri huo?

Basi ilitokea kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Maryland, Marekani, mimea michache shambani ilikataa kuacha kukua. Mingine ikachanua, yenyewe ikazidi kupanda hadi mita 3 na zaidi, ikiwa na majani karibu 100. Ikaitwa Maryland Mammoth.

Tatizo? Bila ua hakuna mbegu, na baridi kali ikifika mmea unakufa. Watafiti wa Wizara ya Kilimo wakahamishia baadhi ya mimea kwenye banda la vioo. Ajabu, katikati ya majira ya baridi ikachanua yenyewe!

W. W. Garner na H. A. Allard wakaanza kuwachuja washukiwa: joto, maji, rutuba, ukali wa mwanga. Wote wakaachiwa huru. Akabaki mmoja: urefu wa siku. Julai 1918, kwenye shamba la utafiti la Arlington, Virginia, wakatumia kibanda chenye giza. Saa 10 jioni mimea inaingizwa, saa 3 asubuhi inatolewa. Yaani mwanga wa saa 7 tu kwa siku. Mammoth ikachanua kiangazi hichohicho, huku mingine iliyoachwa nje ikiendelea kutoa majani tu.

Matokeo yakachapishwa mwaka 1920. Baadaye ikajulikana kuwa kinachopimwa hasa na mmea ni urefu wa usiku. Kuhusu mbegu, jibu likawa rahisi: panda Mammoth kusini mwa Florida wakati wa baridi, siku zikiwa fupi.

Na sisi je? Karibu na ikweta siku ina saa 12 hivi mwaka mzima. Ukiipanda Mammoth Tabora, itapata ishara ya kuchanua mapema, na lile jitu hutaliona. Ukubwa wa mavuno ya majani haumo kwenye mbegu peke yake. Umo pia kwenye saa ya mahali. Kwa hiyo ukisifiwa mbegu iliyofanya maajabu ughaibuni, uliza kwanza: kule siku ina saa ngapi?