Nyuklia, makaa ya mawe, maji na jua: tupime kwa mizani gani?

Watu wengi kwetu wakisikia neno nyuklia, wanawaza bomu kwanza. Hatuwezi kuwalaumu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, kule Katanga. Lakini urani hiyohiyo, ikitayarishwa kwa namna nyingine, inachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, na umeme unatoka. Leo nchi zipatazo 30 zinapata umeme kwa njia hiyo, na majirani wetu wanaanza kuutafuta. Uganda imechagua Buyende kuwa mahali pa kujenga, na Rwanda ilitia sahihi mwaka 2023 mapatano na kampuni ya Dual Fluid ili kujaribu kinu kidogo. Kwa hiyo swali liko mlangoni petu: je, umeme huu unaharibu mazingira kuliko makaa ya mawe? Na mito yetu na jua letu, havitoshi?

Kwanza tusichanganye maneno. Kwetu Goma na Bukavu, makala ni miti iliyochomwa na kutiwa katika mifuko. Makaa ya mawe ni kitu kingine: ni mwamba mweusi unaochimbwa chini ya ardhi, mabaki ya mimea iliyofukiwa zamani sana. Congo nayo inayo kidogo. Yalichimbwa Luena, na pia kando ya mto Lukuga karibu na Kalemie. Lakini hakuna mji wetu mkubwa unaowasha taa kwa makaa hayo. Anayetaka kuona kazi yake na aende Afrika Kusini, katika jimbo la Mpumalanga, ambako mitambo mingi ya makaa imejipanga katika eneo moja. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa nchi ile unatokana na makaa ya mawe.

Mtambo wa megawati 1,000 unateketeza karibu tani milioni 3 za makaa kwa mwaka. Hebu tuhesabu kwa malori ya tani 30: ni malori zaidi ya 270 kila siku, pamoja na Jumapili. Kinachobaki ni majivu, maelfu kwa maelfu ya tani, na kinachopanda juu ni hewa ukaa inayoongeza joto la dunia, salfa, zebaki na vumbi dogo sana linaloingia mpaka ndani ya mapafu. Mnamo Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya eneo lile inavunja haki ambayo katiba inawapa watu, ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya yao. Kesi ile ililetwa na vikundi vya raia, na kati yao wamo watu wanaoishi chini ya moshi wenyewe.

Kinu cha nyuklia chenye nguvu hiyohiyo kinatumia karibu tani 25 za fueli iliyo tayari kwa mwaka. Hiyo ni lori moja. Hakina moshi; ule mweupe unaouona juu ya minara yake ni mvuke wa maji. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa juu ya tabianchi, IPCC, lilipima mwaka 2014 njia nzima ya kila umeme, tangu mgodi na saruji ya kujengea hadi kubomoa mtambo. Kwa kila kilowati-saa moja, makaa ya mawe yalionekana kutoa gramu 820 hivi za hewa ukaa, gesi 490, jua kati ya 41 na 48, maji 24, na nyuklia 12, karibu sawa na upepo. Kwa upande wa joto la dunia, basi, nyuklia imesimama pamoja na maji, jua na upepo. Makaa ya mawe yamesimama peke yake ng'ambo.

Na ajali je? Chernobyl, mwaka 1986, iliua watu wapatao 30 katika miezi ya kwanza, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vya saratani kati ya waliopata mionzi mingi vinaweza kufika 4,000. Mji mzima wa Pripyat ulihamwa na haujarudiwa mpaka leo. Fukushima, mwaka 2011, watu zaidi ya 150,000 waliacha nyumba zao. Hapo wengi waliokufa, zaidi ya 2,000, hawakufa kwa mionzi. Walikufa kwa tabu ya kuhamishwa: wazee waliotolewa hospitalini haraka, wagonjwa waliokosa dawa. Sisi tuliowahi kukimbia na mikeka kichwani tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Haya ni maumivu ya kweli. Lakini ukigawanya vifo vyote kwa umeme uliopatikana, kama walivyofanya watafiti wa Our World in Data, makaa ya mawe yanaua mamia ya mara kuliko nyuklia, kwa sababu moshi wake unaua kila siku, kimya kimya, bila kutangazwa redioni. Hata maji tunayoyasifu yana msiba wake: bwawa la Banqiao, nchini China, lilipopasuka mwezi wa Agosti 1975, makumi ya maelfu ya watu walikufa.

Ndiyo maana mimi naona Ujerumani ilikosea mpangilio. Baada ya Fukushima ilifunga vinu vyake hatua kwa hatua, vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, huku sheria yake ikiyaruhusu makaa ya mawe kuendelea hata mwaka 2038. Mwenye moto wa aina mbili jikoni, mmoja wa moshi na mmoja usio na moshi, angeanza kuzima upi?

Kinachoisumbua zaidi nyuklia ni mwanzo wake na mwisho wake. Mwisho ni taka: fueli iliyokwisha tumika ni kidogo kwa wingi, lakini inabaki na hatari kwa maelfu ya miaka. Finland imechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, ili kuifukia huko. Hiyo ni kazi ya serikali inayojua kutunza daftari. Sisi tulikuwa na kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima, kinu kidogo cha utafiti kilichowashwa kwenye chuo kikuu cha Kinshasa mwaka 1959. Cha pili kilifuata mwaka 1972. Katika miaka ya 1970 vijiti viwili vya fueli vilipotea pale. Kimoja kilipatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Tusome habari hiyo mara mbili kabla ya kuomba kinu kikubwa.

Mwanzo ni mgodi. Shinkolobwe ilifungwa kabla ya Uhuru, lakini watu waliendelea kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti na shaba ndani ya udongo wenye mionzi. Mwezi wa Julai 2004 mashimo yaliporomoka na kuua wachimbaji, ijapokuwa amri ya rais ya kufunga mahali pale ilikuwa imetolewa mwanzoni mwa mwaka uleule. Na hapa wapenzi wa jua na upepo wasicheke. Baadhi ya betri za kuhifadhi umeme wa jua hadi usiku zinatengenezwa kwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, hasa upande wa Kolwezi. Umeme unaoitwa safi kule Ulaya unaweza kuwa na vumbi lake Lualaba. Mizani isiyoweka mgodi kwenye sahani yake ni mizani ya udanganyifu, iwe inapima urani au betri.

Basi, Congo ya mashariki itake nini? Nyuklia haitufai sasa, na sababu si uchafu wake. Sababu ya kwanza ni ukubwa. Kanuni ya wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi karibu sehemu moja ya kumi ya mtandao mzima, la sivyo ukizimika ghafla unaangusha kila kitu. Mitambo yote ya Congo pamoja ina megawati 3,000 hivi tu, na sisi wa Kivu hatujaunganishwa hata na Inga. (Waya wa Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ulikamilika mwaka 1982, ukapita juu ya vijiji vingi ambavyo hadi leo havina taa.) Pili ni muda: kinu cha Olkiluoto 3, huko Finland, kilianza kujengwa mwaka 2005, kikaanza kazi ya kawaida mwaka 2023. Na tatu ni vita. Machi 2022 wanajeshi wa Urusi waliteka Zaporizhzhia, mtambo wa nyuklia ulio mkubwa kuliko yote ya Ulaya, na tangu hapo dunia inaulizia kila wiki kama maji ya kupozea vinu yapo. Waya wa umeme ukikatwa na risasi Rutshuru, mafundi wanaurudisha. Kinu kinahitaji amani kwa miaka sitini mfululizo.

Tena adui wetu wa mazingira hapa hata si makaa ya mawe. Ni makala. Misitu ya Virunga inakatwa ili sufuria za Goma zichemke, na shirika la afya la dunia, OMS, linakadiria kwamba moshi wa jikoni uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kila umeme unaofika jikoni kwa bei ambayo mama anaweza kulipa unaokoa mti na kifua kwa pamoja. Mtambo wa maji wa Matebe, megawati 13 na zaidi, na paneli za jua zilizowekwa Goma mwaka 2020, megawati 1.3, ni vidogo mbele ya Koeberg ya Cape Town yenye megawati 1,860. Lakini viko hapa, na vinatengenezeka.

Navyo vinadai kazi yetu. Mtambo wa Ruzizi I, uliojengwa mwaka 1958, na Ruzizi II, wa mwaka 1989, vinaangaza Bukavu, Bujumbura na sehemu ya Rwanda. Pale Bukavu, mahali ambapo ziwa Kivu linamwagika mtoni, chupa na mifuko ya plastiki inakusanyika mpaka inaziba mashine, wapiga mbizi wanashuka kuiondoa kwa mikono, na mitaa inakosa umeme. Ruzizi III, ya megawati 206 kwa nchi tatu, imekuwa kwenye karatasi kwa miaka mingi. Itakapojengwa itakaa chini ya mto uleule, na chupa tunazotupa leo kwenye mifereji ya Kadutu zinafika huko.