Mvumo wa Kanda za Moshi

Mwaka 1963, ilipofunguliwa mjini Addis Ababa stesheni ya Sauti ya Injili iliyomilikiwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani, mji wa Moshi ulipata fahari ambayo aghalabu vijana wake hawana habari nayo. Kwani vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Uhabeshi kwa masafa mafupi vilitengenezwa katika studio iliyokuwa chini ya Kilimanjaro, vikatiwa katika kanda za sumaku, vikapelekwa ng'ambo ya mpaka, kisha vikarejea hewani hata kwa watu wa Machame na Marangu, majirani wa studio yenyewe. Stesheni ile ilitaifishwa na serikali ya kijeshi Machi 1977, lakini jina la Sauti ya Injili lingali hai Moshi.

Kanda za zama zile zilikuwa na mvumo, maana chembe za oksidi ya chuma zilizopakwa juu yake hazikujipanga sawasawa, na mafundi waliuhesabu kuwa ni aibu. Ulipofika mwaka 1982, santuri za kidijitali zikaja na ukimya usio na mvumo; sauti ya santuri hizo hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo cha biti 16 hupewa daraja moja katika madaraja 65,536. Ila sauti hafifu iangukayo baina ya madaraja mawili hulazimishwa kwenda katika lililo karibu, na kosa hilo, maadamu linaifuata sauti yenyewe, huugeuza mwisho wa wimbo unaofifia kuwa mkwaruzo. Mtafiti Lawrence Roberts alikwisha kuonyesha kwa picha, mwaka 1962, kwamba kelele kidogo isiyo na mpango, ikitiwa kabla ya kukadiria kwa madaraja, hulivunja kosa hilo; na mwaka 1984 Vanderkooy na Lipshitz wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakathibitisha kwamba kwa kelele hiyo, iitwayo ditha, husikika hata sauti iliyo ndogo kuliko daraja moja.

Basi mvumo ule uliodharauliwa, kwa kuwa ulizidi daraja la biti 16, ulikuwa ditha ya kanda tangu asili. Taksiri ni ya mwenye kuufuta kwa kompyuta, au kuifumbua MP3 ambayo hesabu zake zina sehemu ndogo ndogo, kisha akazikata biti za chini bila ya kutia ditha. Nawasihi wenye amana ya kanda kuukuu, Moshi na kwingineko, wazihamishe kwa biti 24, wasiuguse mvumo wa nakala ya asili, na wazipunguze biti, kwa ditha, nakala za kusikiliza peke yake.