Filamu ‘300’: Ushujaa wa Sparta na waliosahauliwa Thermopylae

FILAMU: 300
MWELEKEZI: Zack Snyder
WAIGIZAJI WAKUU: Gerard Butler, Lena Headey, Rodrigo Santoro, David Wenham, Dominic West
MWAKA: 2006 (ilianza kuonyeshwa katika kumbi za Marekani Machi 2007)
MUDA: Dakika 117

MWAMBA ngoma, walinena wahenga, huvutia kwake. Methali hii inamfaa sana mtazamaji wa filamu 300, kwa kuwa kisa chote husimuliwa na askari mmoja wa Sparta anayewatia wenzake ari usiku wa kuamkia vita.

Askari huyo ni Dilios, ambaye amepoteza jicho moja vitani. Yeye ndiye anayetueleza jinsi Mfalme Leonidas alivyoondoka Sparta na wanaume 300 kwenda kulikabili jeshi la Uajemi. Tunayoyaona kwenye skrini ni yale anayotaka wasikilizaji wake wayaamini: mashujaa ni wazuri wa sura na maungo, na adui ni mazimwi.

Asiyelitambua hilo mapema huenda akadhani amefundishwa historia. Ukweli ni kwamba vita vya Thermopylae vilitokea, Leonidas aliishi na akafa hapo, na wenzake walikuwa mashujaa wa kupigiwa mfano. Hata hivyo, filamu imeacha mengi nje ya mlango, na hayo yaliyoachwa yana uzito sawa na yaliyoonyeshwa.

KISA CHENYEWE

Mwaka ni 480 kabla ya Kristo (K.K.). Mfalme Xerxes wa Uajemi, mwana wa Dario, amekusanya jeshi kutoka pembe zote za milki yake ili kuiteka Ugiriki. Mjumbe wake anawasili Sparta akidai udongo na maji, ishara ya kusalimu amri. Leonidas (Gerard Butler) anamwangusha kisimani kwa teke. Sehemu ya mjumbe huyo iliigizwa na Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana.

Makuhani wanamkataza mfalme kwenda vitani wakati wa sikukuu ya Karneia. Leonidas anachagua wanaume 300, wote wenye wana wa kurithi majina yao, na kudai kwamba hao ni walinzi wake tu. Wanaelekea Thermopylae, njia nyembamba kati ya mlima na bahari, mahali ambapo wingi wa adui haumfai kitu.

Kwa siku kadhaa wanazuia kila wimbi la washambulizi. Kisha Ephialtes, kibyongo aliyekataliwa na Leonidas kwa kushindwa kuinua ngao yake sawasawa, anawaonyesha Waajemi kijia cha mlimani. Mashujaa wanazingirwa na kuuawa. Kwingineko, Malkia Gorgo (Lena Headey) anapambana na mwanasiasa mlaghai, Theron (Dominic West), akitaka baraza litume msaada.

ILIVYOTENGENEZWA

Chimbuko la filamu hii ni hadithi ya michoro ya Frank Miller iliyochapishwa mwaka 1998, ambayo Lynn Varley aliitia rangi. Miller alikuwa mtoto alipotazama filamu The 300 Spartans ya mwaka 1962, na kifo cha Leonidas hakikumtoka akilini.

Snyder hakuichukua kazi ya Miller kama msingi tu. Aliifuata picha kwa picha, hata mahali anaposimama mwigizaji na jinsi joho lake jekundu linavyopeperuka pakafanana na mchoro wa kitabuni. Karibu filamu nzima ilipigwa ndani ya studio mjini Montreal, Kanada, kwa muda wa takriban siku 60. Waigizaji walipigana mbele ya kuta za rangi ya buluu. Mbingu, bahari na majabali viliongezwa baadaye kwa kompyuta. Ni onyesho moja tu, la farasi wakija mbio, lililopigwa nje.

Mbinu iliyoipa sifa kubwa ni ile ya kuuchezea mwendo wa picha. Mkuki unapomchoma adui, kila kitu hupungua kasi hadi mtazamaji akaona tone la damu likielea hewani. Kisha mwendo unaharakishwa tena na pigo linalofuata linashuka ghafla. Rangi nazo zimekamuliwa, zikabakia kahawia, dhahabu na nyekundu.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 65 za Marekani. Katika wikendi yake ya kwanza huko Marekani iliingiza dola milioni 70 na zaidi, na hatimaye ikapata zaidi ya dola milioni 450 duniani kote. Ilifuatwa mwaka 2014 na 300: Rise of an Empire, iliyoelekezwa na Noam Murro, kuhusu vita vya baharini vya wakati huo huo.

YALIYO KWELI

Mengi tunayoyajua kuhusu vita hivi yametoka kwa Herodotus, Mgiriki aliyeandika miongo kadhaa baada ya tukio. Yeye ndiye aliyetaja Wasparta 300 wenye wana, kijia cha mlimani, msaliti Ephialtes, na jinsi Waajemi walivyoshindwa kwa siku mbili mfululizo kupenya.

Hata Dilios ana mtu wa kumfananisha naye. Herodotus anamtaja Aristodemus, Msparta aliyerudishwa nyumbani kwa ugonjwa wa macho. Lakini badala ya kupokewa kama mleta habari, alidharauliwa na kuitwa mwoga, na hakuna aliyetaka kuzungumza naye. Mwaka uliofuata, 479 K.K., alikufa katika vita vya Plataea akipigana kama mtu aliyetafuta kifo.

Malkia Gorgo naye aliishi, na alisifika kwa akili. Inasimuliwa kwamba Demaratus, aliyekuwa mfalme wa Sparta kabla ya kukimbilia kwa Waajemi, alituma kibao cha mbao kilichopakwa nta tupu isiyo na maandishi. Wakubwa wa Sparta hawakujua maana yake. Gorgo ndiye aliyewashauri waikwangue nta, na chini yake wakakuta onyo kwamba Xerxes anakuja. Kisa hicho, ambacho kingependeza mno katika filamu, hakimo. Badala yake ametungiwa mzozo na Theron, mtu asiyekuwapo katika historia.

WALIOACHWA NJE

Kosa kubwa la 300 limo katika jina lake. Leonidas hakuwa na watu 300 pekee. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba Wagiriki waliofika Thermopylae walikuwa takriban 7,000, kutoka miji mingi. Filamu inawaonyesha washirika hao kama wafinyanzi na wahunzi wasiojua vita, wanaokimbia mambo yanapochacha.

Siku ya mwisho, baada ya Leonidas kuwaruhusu wengi waondoke, wanaume 700 wa mji mdogo wa Thespiae walikataa kumwacha. Waliongozwa na Demophilus, wakafa wote pale pale. Kwa Sparta, watu 300 walikuwa sehemu ndogo ya jeshi. Kwa Thespiae, 700 walikuwa karibu nguvu yote ya mji. Waajemi walipopita waliuteketeza mji wao. Katika filamu, wanaokufa kando ya Leonidas ni Wasparta peke yao.

Vilevile, kuna waliobeba mizigo na kufa bila kuhesabiwa. Sparta iliendeshwa kwa jasho la maheloti, watu waliotiwa utumwani na kulazimishwa kulima mashamba ili Wasparta wapate muda wa kujifunza vita. Herodotus anaeleza kwamba baada ya vita, mabaharia wa Xerxes waliokwenda kuziona maiti za Wagiriki walidhani wote ni Wasparta na Wathespiae, kumbe maheloti pia walikuwa wamelala hapo. Leonidas wa filamu anahubiri uhuru kila mara, lakini heloti hata mmoja haonekani akisikiliza.

Fauka ya hayo, mlango wa Thermopylae haungezuilika hata siku moja kama meli za Waajemi zingepita baharini na kuwashusha askari nyuma ya Leonidas. Siku hizo hizo, huko Artemisium, meli 271 za Wagiriki ziliwazuia, Athens pekee ikiwa imetoa 127. Baadaye mwaka huo, ushindi wa Salamis ndio uliobadilisha mkondo wa vita. Filamu inawataja Waathene kwa kejeli tu.

Mambo mengine ni madogo lakini yafaa kujulikana. Wasparta hawakwenda vitani vifua wazi. Walivaa chapeo na deraya za shaba, na uzito huo ndio uliowapa nafuu dhidi ya adui mwenye silaha nyepesi. Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja. Maefori, ambao filamu imewafanya makuhani wenye vidonda, walikuwa maafisa watano waliochaguliwa na raia kila mwaka.

SURA YA ADUI

Wasomaji wa Biblia wanamjua Xerxes kwa jina jingine. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba ndiye Mfalme Ahasuero wa Kitabu cha Esta. Milki yake ndiyo ile ya Koreshi, mfalme aliyewaruhusu Wayahudi warejee kwao kutoka Babeli.

Mtazamaji wa 300 hawezi kuyaona hayo. Xerxes wa Rodrigo Santoro, mwigizaji kutoka Brazil, ni jitu refu lisilo na nywele, limejaa pete na minyororo ya dhahabu usoni, na sauti yake imetiwa uzito kwa mitambo. Michongo ya kale ya Persepolis huwaonyesha wafalme wa Uajemi wakiwa na ndevu ndefu na mavazi ya heshima. Kikosi cha Wasiokufa, kilichopewa jina hilo kwa sababu idadi yake haikuruhusiwa kupungua 10,000, kimegeuzwa kuwa viumbe vya kutisha nyuma ya barakoa za chuma.

Hata kile kisa cha mjumbe kisimani kina upande wa pili. Kwa mujibu wa Herodotus, waliotupwa kisimani Sparta walikuwa wajumbe wa Dario, miaka kadhaa kabla ya Thermopylae, wala si wa Xerxes. Wasparta walijuta, wakaamini wamewaudhi miungu, na wakawatuma raia wawili, Sperthias na Bulis, waende Uajemi wauawe kama fidia. Xerxes alikataa kuwaua. Alisema hatafanya kama Wasparta, waliovunja sheria ya watu wote kwa kuwaua wajumbe.

Basi, katika simulizi ya Mgiriki mwenyewe, mfalme wa Uajemi ndiye aliyeonyesha muungwana ni nani. Katika filamu, teke lile ndilo onyesho linaloshangiliwa kuliko yote.

Afrika pia ilikuwapo. Herodotus anawaorodhesha katika jeshi la Xerxes Waethiopia waliovaa ngozi za chui na simba, wenye pinde ndefu na mishale yenye ncha za mawe. Kwake, wao ni watu wa taifa fulani, wenye mavazi na silaha zao. Katika 300, weusi, walemavu na wageni wa kila aina wamerundikwa upande wa uovu, nao wazuri wote wakabaki upande mmoja.

IRAN YAKASIRIKA

Si ajabu kwamba Iran, warithi wa Uajemi, walihamaki. Filamu ilitoka wakati Marekani ilikuwa imo vitani Iraq tangu 2003, na mzozo kuhusu mpango wa nyuklia wa Iran ukizidi kutokota. Mnamo Machi 2007, Javad Shamghadri, mshauri wa Rais Mahmoud Ahmadinejad katika masuala ya sanaa, aliieleza filamu hiyo kama vita vya kisaikolojia dhidi ya utamaduni wa nchi yake.

Kampuni ya Warner Bros. ilijitetea kwamba hii ni hadithi ya kubuni iliyotokana na kitabu cha michoro, na haikukusudiwa kulidhalilisha kabila au taifa lolote. Utetezi huo una mantiki: anayesimulia ni Dilios, askari mwenye chuki na adui yake. Tatizo ni kwamba filamu haimpi mtazamaji hata dakika moja ya kumtilia shaka Dilios. Haonyeshwi mtu mwingine akikisimulia kisa hicho kwa namna tofauti.

JE, ITAZAMWE?

Naam, lakini si na watoto, kwa kuwa ina umwagaji mwingi wa damu na maonyesho ya uchi. Mtu mzima atafurahia ufundi wa picha, ngurumo ya ngao zikigongana na uigizaji wa Butler, ambaye hunguruma kama simba bila kumsahaulisha mtazamaji kwamba mfalme huyu anaagana na mkewe kwa mara ya mwisho. Headey naye anaonyesha uchungu wa anayebaki nyumbani kwa maneno machache sana.

Wazazi na walimu ambao vijana wao wameshaitazama wana nafasi nzuri ya kuwauliza maswali mawili: ni nani anayesimulia hapa, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Maswali hayo yanafaa kwa Thermopylae, na yanafaa kwa masimulizi yote ya vita.

Mahali penyewe pamebadilika. Mto Spercheios umeleta udongo mwingi kwa karne nyingi hata bahari ikasogea kilomita kadhaa, na njia nyembamba ya zamani sasa ni uwanda. Kando ya barabara iko sanamu ya Leonidas iliyosimamishwa mwaka 1955, mkuki mkononi. Jirani yake upo ukumbusho wa Wathespiae 700. Wao walingoja hadi mwaka 1997 kuupata.